Maradhi ya Kuumeni

Jumatano, mfungo pili. Mvua tangu alfajiri, kisha jua la kuunguza, kisha mvua tena. Matope yameingia mpaka ukumbini na sina nguvu ya kuyafuta. Nimekaa juu ya jamvi, miguu imevimba kama ilivyo desturi yake jioni, na nina hasira. Lakini si hasira ya kuniumiza. Ni ile inayomfanya mtu akae wima.

Leo nimempeleka mwanangu Raya kupimwa moyo bila ya ruhusa ya ukoo.

Mwaka mzima nimeandika hapa habari za mitihani, mapishi na paa linalovuja, na kila nikikaribia habari ya moyo nazunguka. Leo sizunguki. Mimi ni Mize, mwalimu wa baiolojia, mkaazi wa Tibirinzi, mama wa watoto watatu, na moyo wangu ni mgonjwa.

Kwa asiyetujua: ukoo wetu una maradhi ya kurithi. Misuli ya moyo inanenepa bila ya sababu, hasa ukuta wa katikati, mpaka damu inakosa njia nzuri ya kupita. Mtu anazaliwa na asili yake mwilini, na inaweza kunyamaza miaka mingi. Baba alianguka shambani na jembe mkononi nilipokuwa darasa la pili. Kaka yangu Kombo alianguka kiwanjani akicheza mpira, miaka kumi na tisa, na hakuinuka tena.

Alipokufa Kombo, daktari mmoja alikuja hitimani. Akawaeleza wazee kwamba haya ni maradhi ya damu, na wote wa damu moja na marehemu wapimwe. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia nikimimina chai. Alisema wote.

Ami Shaame, mdogo wake baba, ndiye aliyesimama mahala pa baba yetu tangu alipofariki. Hakuchelewa hata kidogo. Wiki ile ile alimkusanya mdogo wangu Faki, aliyekuwa na miaka kumi na nne, na watoto wote wanaume wa ukoo, akawapandisha meli kwenda Unguja kupimwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidamka kuwapikia mikate ya kumimina ya kula njiani.

Hakuna aliyeniuliza kama na mimi naenda. Na ukweli lazima usemwe, hata mimi sikuuliza.

Hilo kwetu lilikuwa na hesabu yake. Maradhi ya moyo yalikuwa ya kuumeni, upande wa baba. Yalimshika baba, yakamshika Kombo, basi yanakwenda na wanaume, kama jina la ukoo linavyokwenda na wanaume. Cha kukeni ni pepo. Bibi mzaa mama alikuwa na pepo, kwa hivyo binti akianguka kila mtu anajua ametokewa na nini. Mtoto wa kiume akizimia, apelekwe kwa daktari. Mtoto wa kike akizimia, atafutwe fundi wa kupunga pepo.

Faki alionekana anayo. Akaanza vidonge akiwa na miaka kumi na nne, akakatazwa mbio na mizigo, na kila baada ya miezi sita akapelekwa kuangaliwa. Nyumba nzima ilikuwa ikimwambia Faki pole pole. Mimi niliambiwa nimsaidie ndoo.

Msimu wa karafuu uliofuata nikaanguka. Nilikuwa na gunia kichwani, moyo ukaanza kupiga ovyo, nikaona kiza. Nilipozinduka wanawake walikuwa wananipepea na mmoja keshasema jina la pepo wa bibi.

Nikapungwa siku saba. Nilifukizwa, nilipigiwa ngoma, nikaulizwa nataka nini. Siku ya tano ngoma ilipokaza nikazimia kweli, na watu wakafurahi wakasema pepo amepanda. Hakuwa amepanda mtu. Ulikuwa ni moyo umeshindwa, mbele ya watu arubaini wanaonipenda, na kila mmoja akipiga makofi.

Siwakejeli wazee wangu. Walinipa walichokuwa nacho, na waliniuguza kwa mapenzi. Ninachosema ni kwamba dawa ya Faki na ngoma yangu zilitoka katika nyumba moja, kwa watu walewale, na aliyechagua nani apate nini hakutazama kifua cha mtu.

Baada ya hapo nilipewa majina mengine. Nilipokuwa na mimba na sipati pumzi, ilikuwa ni mimba. Nilipojifungua na bado sipati pumzi, ilikuwa ni damu chache. Kisha nikawa na wasiwasi, kisha unene, kisha nikaambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba wanawake wa umri wangu wanapenda kufikiri sana. Nilimjibu kwamba mimi hulipwa kufikiri. Hakucheka.

Mwaka jana nikaanguka darasani, na mwalimu mkuu, mwanamke asiyependa mchezo, akanitia kwenye gari yake na hakuondoka hospitali mpaka nikapigwa picha ya moyo. Hapo ndipo lilipotajwa jina la maradhi yangu. Miaka ishirini na miwili baada ya Faki.

Faki sasa anapanda mnazi. Amekatazwa, na anapanda. Mimi ngazi kumi na mbili za skuli nazipanda kwa vituo viwili, na wanafunzi wamejifunza kujifanya hawanioni.

Daktari anayenitazama anakuja kutoka Unguja siku mbili kila mwezi. Ni msichana, mdogo kwangu kwa miaka mingi, anazungumza Kiunguja cha mjini na ana subira ya ajabu. Nilimuuliza imekuwaje, baba mmoja, mama mmoja, maradhi mamoja, mmoja mzima na mmoja nusu. Aliniambia si sisi tu. Aliniambia wanawake wenye maradhi haya mara nyingi hufika kwao wakiwa wamechelewa, wakubwa kwa umri kuliko wanaume, na moyo umeshachoka. Kijana wa kiume huanguka mbele ya kadamnasi, kila mtu akaona. Mwanamke huchoka jikoni, na kuchoka kwa mwanamke hakujawahi kuwa habari.

Akanieleza na jambo jengine ambalo bado linanikereketa. Ule unene wa ukuta wa moyo hupimwa kwa kiwango, ukizidi hapo ndipo husemwa mtu anaumwa. Kiwango hicho ni kimoja kwa kila mtu. Lakini moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo. Ni kama kumvisha mke kanzu ya mumewe kisha useme hajanenepa kwa sababu haijambana. Mpaka mie ikinibana, tayari nimeshakuwa mgonjwa sana.

Sasa ungamo langu, na hili ndilo lililonifanya nifungue ukurasa huu leo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Miaka kumi na tano nimesimama ubaoni nikifundisha urithi. Nimechora mstari wa baba na mstari wa mama, nikaeleza kwamba yako maradhi ambayo mzazi mmoja akiwa nayo, basi kila mtoto, wa kiume kwa wa kike, ana nafasi sawa ya kuyapata. Nimesahihisha madaftari ya somo hilo. Kisha nimerudi nyumbani, nimevua buibui, na nimeamini kwamba maradhi ya baba yangu hayawezi kunigusa kwa sababu ni ya kuumeni. Sikuficha. Niliamini. Chaki ilibaki skuli.

Kwa hivyo nikimlaumu Ami, nijilaumu na mie.

Tuje kwa Raya. Ni mwanangu wa kwanza, ana miaka kumi na saba, yupo kidato cha nne, na ni mchezaji wa netiboli mwenye kelele kuliko wote. Wiki tatu nyuma alichutama katikati ya mchezo akisema kifua kinambana. Alinificha siku mbili. Nilijua kwa mwalimu wake.

Na Raya ana posa. Watu wa heshima, wa Wete, kijana mwalimu wa chuo cha Kurani, wamekubali kungoja mpaka amalize mitihani. Raya mwenyewe anamtaka. Nimeona anavyotabasamu na simu, na kwa mtoto yule, kunyamaza na kutabasamu ni jambo kubwa.

Jumapili ukoo ukakaa kwangu kujadili kama Raya apimwe. Ami Shaame kwenye kiti, mama yangu Bi Riziki kwenye mkeka, Faki mlangoni na simu yake. Mume wangu Hamad alikuwa ametoka kazini bandarini Wesha, bado ana vumbi la saruji kwenye nyusi. Ami alisema jambo lisilo na ubaya wowote ukilisikia haraka. Alisema tusubiri. Aolewe kwanza, akishatulia kwa mumewe apimwe huko.

Nikamuuliza kwa nini asipimwe hapa.

"Mize, ntoto wa kike hatafutiwi maradhi," alisema. "Likijulikana, nani atamuoa?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Nami nikasema, kwa adabu zote, kwamba Faki ameoa wake wawili na vidonge mfukoni, na hakuna mkwe hata mmoja aliyeuliza. Faki aliacha kutazama simu. Ami akasema mazungumzo yamekwisha, na jibu ni hilo.

Walipoondoka nilimgeukia Hamad nikamwambia Jumatano daktari yupo na mimi nitampeleka. Hamad hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akanawa uso. Mwanamwali akiulizwa mbele ya kadhi naye akanyamaza, kimya chake ndiyo radhi yake. Basi nikaona kimya cha mwanamume nacho kitahesabiwa hivyo, na nikalala vizuri kuliko siku zote.

Asubuhi hii tukatoka na mwavuli mmoja. Raya alitaka kubeba mkoba wangu, nikamwambia leo hakuna anayembebea mwenziwe. Tulikwenda pole pole. Nilipumzika mara tatu, na mara ya tatu yeye ndiye aliyeomba.

Tulipokwisha kukaa nje ya chumba cha daktari nikamuona mama anakuja, buibui limelowa mpaka magotini. Ami alikuwa amemtuma aturudishe. Bi Riziki ana miaka sabini na hajawahi kurudi kutoka alikotumwa bila ya alichotumwa. Alikaa upande wa pili wa Raya, akamshika mkono, akaniambia niinuke twende nyumbani kabla watu hawajatuona. Nikamwambia watu wameshatuona, Bi Asha wa duka la vitambaa ametuamkia mara mbili. Kabla hajanijibu tukaitwa, na kwa kuwa alikuwa amemshika Raya mkono, naye akaingia.

Daktari alitaka kuchora ukoo. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na aliyekufa anapigwa mstari. Wanaume nilimtajia bila ya kufikiri. Baba, jembe mkononi. Kombo, kiwanjani. Babu, njiani akirudi msikitini. Kila mmoja ana siku yake, saa yake na mahala alipoanguka. Ukoo mzima unazijua.

Kisha akauliza: na wanawake?

Nikaanza kusema wanawake wetu hawana maradhi haya, mimi wa kwanza. Maneno yakanishinda mdomoni, maana nilikuwa nayasema yale yale. Nilikuwa sijui. Dada zake baba wawili walikufa mimi sijazaliwa, na nilichokuwa nikikijua ni kwamba mmoja alikufa uzazi na mmoja alikufa kwa mambo ya watu, karogwa. Maduara yalibaki matupu kwenye karatasi.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anavuta uradi. Kisha akasema, bila ya kumtazama mtu:

"Mkasi hakufa uzazi."

Mkasi ni dada mkubwa wa baba, wifi yake mama. Daktari akaweka kalamu chini, jambo la busara, kwa sababu mama hapendi kuandikwa akiwa anasema.

"Alikuwa keshajifungua, ntoto ana siku ishirini. Kaenda kisimani, kaanguka ndoo mkononi. Walisema uzazi kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mie nilikuwepo. Nilimfunga kidevu mie, alipokata roho."

Hapo hakusimama tena. Akamtaja wa pili, Mwanaidi, aliyekuwa akivimba miguu na kulala ameketi, wakasema kajazwa mambo na mke mwenzake. Yule mke mwenza aliachwa kwa ajili hiyo, akarudi kwao na fedheha yake, na Mwanaidi akafa vile vile. Akamtaja binti wa ami yao aliyekufa akitwanga. Akataja mpaka daktari akageuza karatasi upande wa pili. Miaka yote hiyo alikuwa nao wote kichwani mwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimtazama mama yangu, mwanamke aliyenishika mabega nikipigiwa ngoma, na nikaona kwamba naye anahesabu, na mimi nimo katika hesabu hiyo.

Aliniangalia mara moja tu. Kuna msamaha usio na haja ya maneno, na kuna lawama pia, na leo vyote viwili vilikuwamo chumbani na tuliviacha vikae.

Raya akabandikwa nyaya kifuani. Kisha akalazwa ubavu, chumba kikatiwa kiza, na daktari akapitisha kile kidude cha picha. Nilisoma kila dua niliyofundishwa na nyengine nikazichanganya. Mwisho taa ikawashwa.

Anayo. Ukuta wa katikati umeanza kunenepa, kidogo. Kwa kile kiwango cha kila mtu, daktari alisema, mtu mwenye haraka angeweza kumrudisha nyumbani na kumwambia hana kitu. Lakini ukitazama ukubwa wa mwili wake, na nyaya zilivyoandika, na karatasi ile ya maduara, hakuna shaka. Netiboli ya mashindano basi. Kidonge kidogo kila siku. Kila miezi sita aangaliwe. Anaweza kusoma, anaweza kufanya kazi, anaweza kuolewa na kuzaa, mradi mimba ijulikane mapema na itazamwe na wanaojua moyo.

Nilikuwa nayasikia maneno hayo nikayatambua. Ndiyo aliyoambiwa Faki. Neno kwa neno, ila mpira ni mwengine, na la mimba halikuwamo.

Nililia, na niseme wazi nililia kwa furaha. Mama wa mtoto mwenye maradhi ya moyo akilia kwa furaha, ataonekana ana wazimu. Lakini mwanangu amepatikana akiwa na miaka kumi na saba. Hatachomwa ubani wala kupigiwa ngoma. Hataambiwa anafikiri sana. Ana miaka yote ile ambayo mie niliipoteza nikingoja mtu aseme jina sahihi.

Raya yeye alilia kwa ajili ya netiboli. Nilimwacha alie, ana haki yake.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kuhusu posa. Nilimwambia ami yangu anataka tunyamaze, na mimi naona kuozesha kwa kuficha ni kumdanganya mtu mbele ya Mungu, lakini ndoa ni yake na kauli ni yake. Alivua kwanza soksi zilizolowa. Kisha akasema niwapigie, na niwaambie yote, pamoja na la mimba.

Nikampigia mama wa kijana. Tuliamkiana vizuri, tukaulizana watoto na mvua. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, bila ya kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniombea dua, akamuombea Raya, akasema atazungumza na wazee.

Baada ya sala ya alasiri jibu likaja kwa njia ya Ami Shaame. Posa imerudi. Kwa heshima, kwa masikitiko, lakini imerudi.

Siwezi kusema haikuniuma. Raya yupo chumbani na mlango umefungwa, na simu yake leo haisikiki. Nimemwekea chai mlangoni mara mbili. Hili ndilo lile tuliloogopa sote, limekuja siku ile ile, na sitalipamba. Mwanangu amevunjika moyo wa kawaida, ule ambao hauonekani kwenye picha, na mimi ndiye niliyepiga simu.

Ami alikuwa bado yuko kwenye simu, akingoja nijute.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia, Mize."

"Ulinambia, Ami. Na Raya yu hai, na anajua kwa nini."

Akakata. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yangu akichambua mchele, hakuniambia nina mdomo. Aliniomba karatasi na kalamu. Mama hajui kuandika, aliniambia niandike yeye ataje. Nikaandika majina ya wanawake wa damu ya baba walio hai, kila mmoja na anakoishi, wakubwa kwa watoto wachanga. Tumefika kumi na tisa, bila ya mimi na Raya. Kuna waliokuwa wakichoka. Kuna waliokwisha pungwa. Hakuna hata mmoja aliyepimwa.

Wanne kati yao ni mabinti wa Ami Shaame.

Mkubwa ameolewa Micheweni, analima mwani, na mama anasema siku hizi akirudi kutoka pwani hukaa kila hatua ishirini. Kesho sina vipindi baada ya saa nne. Nitapanda gari, nitapumzika nitakapochoka, na mama amesema atafuatana nami, kwa sababu nikikataliwa mlango mie, yeye hakataliwi.

Naanza na huyo.